Breki za La Rouge

Siku Baudouin alipolileta gari lake Akalla, pembezoni mwa Stockholm, alipiga honi tangu barabarani mpaka mlangoni mwa jengo, watu wakatoka kwenye roshani zao wakidhani kuna mtu ameoa. Kahindo, shemeji yake, alikuwa ghorofa ya tatu akimenya viazi. Alichungulia akaona gari jekundu la Kimarekani la mwaka sitini na sita, milango miwili tu, boneti ndefu kama meza ya karamu, injini ya silinda nane inayonguruma hata gari likiwa limesimama. Kwenye usukani alikaa mwanamume mfupi mwenye miwani ya jua siku ya mawingu.

"Chuma mingi, akili kidogo," alisema Kahindo, akarudi kwenye viazi vyake.

Baudouin alikuwa mume wa dada yake, Victoire. Kazini alikuwa msimamizi wa wasafishaji watatu huko Kista, mmoja wao yuko likizo ya uzazi, lakini kadi alizojichapishia zilimwita Président. Gari alilinunua Vällingby kwa Mswidi mzee aliyechana nywele zake zote nyuma, mmoja wa wale raggare wanaozeeka pamoja na magari yao ya Kimarekani, na akalipatia jina la La Rouge, yaani Nyekundu. Mpango wake ulikuwa kwamba katika kila harusi ya Wakongomani, Stockholm nzima, bibi harusi asipande kitu kingine. Alilinunulia viti vya ngozi, redio, mazulia ya miguuni na manukato ya kuning'iniza. Breki hakuuliza. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilikuwa na silinda nane.

Kahindo ndiye aliyeuliza, maana breki ndiyo iliyokuwa kazi yake. Miaka minane alikuwa fundi wa breki kwenye gereji ya mabasi, mwanamke pekee katika zamu yake, na basi refu lililojaa watu liliposimama kituoni bila mtu kumwagikiwa kahawa, hiyo ilikuwa mikono yake. Alijua thamani yake. Tatizo ni kwamba alijua pia upungufu wa kila mtu mwingine, na hakuona haya kuutaja. Aliwadharau mafundi wenzake kwa kuvaa glavu. Aliwadharau Waswidi kwa kuogopa kukutana na jirani kwenye lifti. Zaidi ya wote aliwadharau watu wa kanisa la dada yake, ambao mwaka ule alipofika nchini walifunga siku tatu kuombea kibali chake cha kuishi, ilhali barua ya kibali ilikuwa imelala posta wiki nzima. Waliposimama kushuhudia muujiza, yeye alisimama akatoka, na hakurudi tena.

Aliendesha La Rouge mara moja kuzunguka maegesho. Alipokanyaga breki, gari lilifikiri kwanza, halafu likapunguza mwendo kwa shingo upande.

"Shemeji," alisema akishuka, "hii gari haina breki. Iko na imani tu."

"Belle-sœur, hii gari imetembea miaka makumi ine na tatu."

"Njo maana imechoka. Breki ni za ngoma miguu yote ine, na silinda moja tu ya breki inasukuma zote. Ikivuja fasi moja, uko unakanyaga hewa."

"Unaongea sana juu ya kusimama," alisema Baudouin, akifuta kioo kwa kiwiko. "Mutu ananunua gari juu ya kwenda."

Kahindo alicheka mpaka akashika mbavu. Akamwambia kwamba mdharau biu hubiuka, na kwamba siku hiyo ikifika atakuja na kiti chake akae atazame. Angeliacha jambo hapo kwa furaha kabisa, kama si Arielle.

Arielle alikuwa binti wa Baudouin na Victoire, na harusi yake ilikuwa imeshapangiwa tarehe: Jumamosi ya pili ya Juni, mwaka 2009, na kijana wa Kiganda aitwaye Alvin. Baba mtu alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba bibi harusi wa kwanza wa La Rouge atakuwa wake mwenyewe. Jioni moja Arielle alimjia mama yake mdogo, akakaa jikoni bila kuvua koti.

"Moster, mi naogopa," alisema. Akishikwa na hofu, Kiswidi na Kiswahili vilimtoka pamoja.

Kahindo hakuhitaji kuelezwa. Arielle alikuwa na miaka saba lori walilopanda lilipokosa breki kwenye mteremko mkali kusini mwa Butembo, kule Kongo, na Kahindo ndiye aliyekuwa amempakata juu ya magunia ya maharage. Watu walikufa pale. Tangu siku hiyo msichana hakupanda gari la mtu kabla ya kumuuliza Kahindo: tantine, hii itasimama? Alimuuliza akiwa mtoto, alimuuliza akiwa mwanafunzi, alimpigia simu kumuuliza kuhusu teksi. Na Kahindo, mwenye dharau kwa kila mtu, hakuwahi hata mara moja kulidharau swali hilo. Umakanika wenyewe aliusomea kwa sababu yake.

"Nitatoa zile breki za zamani, niweke za mupya," alimwambia. "Kwa mikono yangu. Halafu itasimama. Umenisikia?"

"Unaapa?"

"Naapa."

Baudouin alikubali kwa sharti moja, kwamba watu wasiambiwe fundi ni mwanamke. Ndani ya siku mbili Victoire alikuwa ameshawaambia wote. Vipuri viliagizwa Amerika, na Kahindo akakodi nafasi katika karakana ya Vällingby ambako mtu hulipia saa na kujitengenezea mwenyewe. Alimaliza wikiendi tatu humo. Ngoma za breki zilikuwa zimeshikana na kutu. Alizigonga kwa nyundo mpaka zikaachia, na ndani akakuta viatu vya breki, vile vinavyobana ngoma kwa ndani, vimekuwa laini kama kigae, na springi moja imekatika na kuungwa kwa waya. Waya! Alimwita Baudouin aje ajionee. Baudouin aliinama akatazama kwa muda, akasema huo ni waya wa Kimarekani, bila shaka ni imara.

Kahindo alitupa vyote. Mbele akafunga diski, zile sahani za chuma zinazobanwa na pedi pande zote mbili, ambazo hazichoki upesi kama ngoma. Akaondoa silinda kuu ya zamani akaweka ya vyumba viwili, ili kimoja kikifa kingine kibaki. Akatoa hewa kwenye mabomba mpaka pedali ikawa ngumu chini ya mguu. Kisha akalipeleka gari kwenye ukaguzi, besiktning, na mkaguzi akaliingiza kwenye mashine inayopima breki gurudumu kwa gurudumu. Kushoto na kulia zililingana. Mkaguzi aliuliza ni nani aliyefanya kazi hii nzuri, na Kahindo alimtazama kwa muda mrefu kabla ya kujibu, ili afaidi.

Halafu akamchukua Arielle. Katika barabara tupu ya viwandani alikimbiza La Rouge mpaka sabini, akakanyaga. Gari liliinamisha pua, likasimama limenyooka. Arielle alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua alianza kucheka, akaomba warudie, na wakarudia mara nne.

Alhamisi kabla ya harusi, Arielle alikuwa amesimama juu ya kigoda sebuleni kwa Kahindo, gauni limejaa pini, na Kahindo yuko chini na pini nyingine mdomoni. Kengele ikalia. Alikuwa Pasta Évode, mtu mwembamba wa sauti ndogo ambaye siku za kazi husafisha mabehewa ya treni. Alivua viatu mlangoni, akakataa chai, akabaki amesimama na kofia mkononi.

"Mama Kahindo, siku ya posho asubui, siku ya harusi, tutabariki gari mbele ya kutoka," alisema. "Tutaipaka mafuta, kama kawaida. Lakini mi sijue magari. Nikasema niulize fundi. Kuko fasi yenye hatupashwe kugusa?"

Ilikuwa desturi yao. Nyumba mpya, gari jipya, hata mashine ya kufulia, vyote vilipakwa mafuta ya zeituni na kuombewa kabla ya kutumika. Swali lilikuwa zuri. Pengine ndilo zuri kuliko yote ambayo Kahindo aliwahi kuulizwa na mtu wa kanisa lile. Hakulisikia. Alisikia watu wa maombi wakigusa kazi yake, na zile siku tatu za kufunga zikamrudia kichwani.

Akatema pini kiganjani. "Mupake penye munataka, mutumishi. Hata ndani ya magurudumu. Tangu niwajue, mafuta yenu haijafanya kitu hata siku moja."

Arielle alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeona aibu kwa niaba ya mwingine. Pasta Évode alishukuru, akavaa viatu vyake, akaaga. Kahindo akarudi kwenye pindo la gauni akiwa na furaha tele, kwa kuwa jibu zuri lilikuwa limemjia kwa wakati wake, na hilo si jambo la kila siku.

Jumamosi watu walijaa kwenye maegesho na kwaya ikaanza. Kahindo alikuwa juu akifunga kilemba mbele ya kioo. Victoire alimpigia simu ashuke kwa maombi.

"Yaya, mi nilishamaliza na ile chuma," alimjibu dada yake. "Sasa ni zamu ya Mungu wenu kuipangusa." Akafunga mlango wa roshani ili asisikie nyimbo.

Aliposhuka, magari yalikuwa yameshawashwa. La Rouge ilikuwa mbele na utepe mweupe, Baudouin kwenye usukani na miwani yake, Arielle peke yake nyuma katikati ya gauni. Alimpungia mkono mama yake mdogo, na usoni hakuwa na hofu hata kidogo. Kahindo aliingia gari la pili, la Noeline, shangazi wa bwana harusi, mwanamke mcheshi aliyeweza kuendesha na kusimulia kwa wakati mmoja. Msafara ukatoka Akalla kwa mwendo wa kobe, kuelekea kanisani Hjulsta.

"Eh, nyinyi Wakongo," Noeline alisema walipoingia barabara kubwa. "Hiyo pasta yenu anajua kumwaga! Sisi kwetu Kampala tunaweka kidogo kwa boneti, basi. Lakini huyu baba ya bibi harusi anamwambia, Pasta, weka kwa breki, weka sana, kwa sababu zimefungwa na mwanamke. Sasa mzee wa watu akamaliza chupa nzima ndani ya tairi ya kushoto, pale kwa dereva."

Kahindo alimgeukia. "Mafuta gani?"

"Ya zeituni. Ile chupa kubwa."

"Piga honi. Noeline, piga honi, mwambie asimame!"

Noeline akapiga honi, na hapo desturi nyingine ikawanasa. Msafara wa harusi ni honi. Gari la tatu lilisikia likajibu, la nne likaitikia, na punde magari kumi na mawili yalikuwa yakilia barabarani, watu wakipeperusha vitambaa madirishani na kupiga vigelegele. Noeline akawasha na kuzima taa. Baudouin aliziona kwenye kioo, akatoa mkono dirishani, akainua vidole viwili na kuongeza mwendo. Kahindo alimpigia simu mara tatu, ikalia tu. Alikuwa akigonga dashibodi ya Noeline kwa ngumi na kuita jina la Arielle.

Mbele kulikuwa na mteremko mfupi, na chini yake basi limesimama kwenye taa nyekundu. Hapo ndipo Baudouin alipokanyaga breki kwa nguvu mara ya kwanza tangu watoke. Gurudumu la kulia lilishika. La kushoto, lililokunywa chupa nzima, halikushika kitu. Gari likavutwa upande wa kulia, likapanda njia ya waenda kwa miguu, likapita kati ya mti na benchi na kuishia kwenye sanduku la maua la zege. Nyuma, honi ziliendelea kulia kwa furaha sekunde kadhaa zaidi.

Kahindo aliruka kabla gari la Noeline halijasimama vizuri. Arielle alikuwa mzima. Mdomo ulichanika kidogo, tone la damu lilikuwa limeangukia kifuani pa gauni, na alitetemeka vile vile alivyotetemeka utotoni juu ya yale magunia. Baudouin alitoka akatazama kwanza boneti, halafu binti yake.

"Nilisema!" alipiga kelele watu wakikusanyika. "Nilisema mwanamuke hafunge breki! Mumeona? Vraiment, mumeona?"

Kahindo alimpita. Alifungua buti la La Rouge, alimokuwa ameweka begi la vifaa vyake, akapiga magoti kwenye nyasi na kitenge chake kipya, akainua gari kwa jeki na kung'oa gurudumu la kushoto. Diski iling'aa kama kikaango. Akapitisha kidole, akanusa, akasimama na kidole juu.

"Mukuje munuse," alisema. "Wote. Hii si breki, ni saladi."

Watu wakasogea.

"Wikiendi tatu nafunga hii breki. Serikali imeipima. Halafu Président, mwenye kushinda anahesabia watu fagio kule Kista, anaona haitoshe, anaitisha mafuta ya kupikia! Na huyu mutumishi wenu, mwenye hajue tofauti ya breki na mukate, anamwaga chupa muzima! Mungu aliwapa vichwa, nyinyi munavibebea kofia tu!"

Watu walicheka. Hata wanakwaya walicheka. Baudouin alivua miwani yake ya jua, na macho yake yalikuwa madogo. Kahindo alisikia raha ikimjaa kifuani. Miaka yote alitaka kuwaambia maneno haya, na sasa walikuwa wamesimama mstari wakimsikiliza.

Pasta Évode alipita katikati ya watu. Alitazama diski, akatazama mdomo wa Arielle.

"Ni mimi," alisema. "Nilimwaga ni mimi. Munisamehe."

Basi. Hakumtaja mtu. Kahindo alisubiri aongeze. Alimkazia macho, na alipoona kwamba mtu yule hataongeza kitu, akainamia gurudumu.

"Tantine," alisema Arielle. "Alikuuliza."

Kicheko kilikatika.

"Alikuja kwako siku ya ine, tukipima gauni, akatosha viatu, akakuuliza fasi ya kugusa na ya kutogusa. Mi nilikuwa pale juu ya kigoda. Ulimwambia apake hata ndani ya magurudumu."

Kahindo alikitazama kidole chake chenye mafuta. Mwanagenzi wa wiki ya kwanza anajua kwamba mafuta na pedi za breki havikai pamoja, na wanagenzi hao yeye ndiye aliyewafundisha. Lakini alikuwa ameyadharau mafuta yale kama maombi, akayadharau mno, hata akasahau kwamba ni mafuta.

"Nilisahau," alisema.

"Haukusahau. Ulizarau." Arielle hakupaza sauti. Alijifuta mdomo kwa kiganja. "Wewe unazarau bantu yote, mi najua, na mi sikusemaka kitu. Lakini nilikuuliza kama itasimama, ukaapa. Nilifikiri hii moja hauizarau."

Kahindo alitafuta neno kali, kwa mazoea tu, na hakulipata. Alitamani Baudouin aseme upuuzi wowote, apate pa kushika. Baudouin alikuwa akimtazama binti yake.

Arielle alivua viatu vyake vya kisigino, akashika mkono wa baba yake. Alisema kanisa si mbali na kwamba hatapanda gari lolote leo, la Noeline wala la nani. Pasta Évode akaokota vile viatu, akatangulia navyo. Magari yakaegeshwa pembeni na watu wote wakafuata kwa miguu, wakianza kuimba polepole, kwanza wawili, halafu wengine. Victoire alikuwa wa mwisho. Aligeuka kumtazama mdogo wake kwenye nyasi, akasita, kisha akaharakisha kuwafikia wenzake.

Hakuna aliyemkataza Kahindo kwenda, na hakuna aliyemwambia njoo. Alibaki akafanya kazi anayoijua. Alinyunyizia diski dawa ya kusafishia breki, akafuta, akanyunyiza tena. Pedi zilizokunywa mafuta alizitoa akafunga nyingine za akiba. Akahamia upande wa kulia akafanya vile vile, ingawa kule yalifika matone tu. Nyimbo zilisikika kwa mbali, kisha mlango wa kanisa ukafungwa na zikakatika. Alilia akiwa amelala ubavu kando ya gurudumu, kwa hasira, na kila alipojaribu kuielekeza hasira ile kwa mtu, alimwona Évode mlangoni kwake na kofia mkononi, akiuliza kwa adabu.

Saa tisa kasoro robo aliirudisha La Rouge barabarani, pua ikiwa imebonyea upande mmoja. Aliendesha mpaka mwendo ukachanganya, akakanyaga kwa nguvu zake zote. Ilisimama papo hapo. Breki zilikuwa nzuri kabisa, na hakukuwa na mtu ndani wa kumwambia.